Nancy Drew na Miss Marple: Umri na Umahiri wa Mpelelezi

Mwaka 1930 wasomaji wa riwaya walipata wapelelezi wawili wasio polisi: Nancy Drew wa Marekani, msichana wa miaka 16, na Miss Marple wa Uingereza, bibi kizee ambaye hajapata kuolewa, aliyeingia mwaka huo katika riwaya yake ya kwanza. Nancy huendesha gari kwa ustadi na hufumbua mafumbo yanayowashinda watu wazima, lakini ni nadra kuelezwa alijifunzia wapi hayo yote; marekebisho ya vitabu vyake yaliyoanza 1959 yalimfanya awe na miaka 18, nami sioni kwamba miaka hiyo miwili iliziba pengo.

Kwa Miss Marple, umri wenyewe ndio nyenzo ya kazi. Huku akifuma sweta, humlinganisha mshukiwa na mtu fulani wa kijijini kwake, St. Mary Mead, aliyewahi kutenda hila kama hiyo, na kwa kuwa wengi humdhania ajuza mpenda umbeya tu, huropoka mbele yake mambo ambayo wasingethubutu kumwambia inspekta. Yeye ndiye anayesadikika zaidi, ingawa msomaji wa miaka 12 anayetaka kujiona shujaa (na ni haki yake) atamchagua Nancy bila kusita.