Chandarua au kusugua mapipa: kipi kwanza Dodoma?

Mbu aina ya Anofelesi, aenezaye malaria, huuma usiku, hutaga kwenye maji yaliyotuama: majaruba ya mpunga wilayani Bahi, mkoani Dodoma, hata nyayo za ng'ombe. Kinga dhidi yake ni chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Joto likipanda toka nyuzi 20 hadi 25, vimelea hukomaa ndani ya mbu kwa siku 12 hivi badala ya 28, hivyo mbu wengi zaidi huishi hadi kuambukiza.

Mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, huuma mchana, ukiwa nje ya chandarua. Ukame nao humlea: maji ya bomba yakikatika, kila nyumba hujaza mapipa. Kumwaga maji tu ni kazi bure! Mayai hunata ukutani juu kidogo ya maji, hukaa makavu miezi, yakilowa huanguliwa. Sugua ndani kwa brashi kila wiki, kwani yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10. Kisha funika kwa kitambaa kizito, ukikaze kwa kamba.

Bahi, anza na chandarua. Mjini kwenye mgao wa maji, usiache mapipa bila kuyasugua hata wiki moja.