Laibrari ya Mwanga, Kigoma: soul na disko la zamani kwenye flashi

Laibrari hii, duka la kunakilia nyimbo lililo jirani na soko la Mwanga, inaishi kwa rumba ya Kongo. Soul, funk na disko vimerundikwa kwenye folda moja iitwayo "Disko la Zamani", na folda hiyo peke yake inatosha kukupandisha daladala kutoka Ujiji. Kujaza flashi ya GB 8 ni shilingi 5,000. Usimwachie kijana wa dukani akuchagulie, nenda na orodha.

Nyimbo nyingi za disko zilitoka mara mbili: toleo fupi la redioni na refu la kuchezea. "Good Times" ya Chic (1979) ikifupishwa, kinachopotea ni kile kipande cha katikati ambapo ala zinanyamaza, besi ya Bernard Edwards inabaki na ngoma, kisha nyingine zinarudi taratibu. Bila kipande hicho umeuziwa ganda la muwa. Hapa wanalo toleo la dakika nane. Wameteleza kwenye "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye (1977): iliyomo ni sehemu ya kwanza ya santuri ndogo, inayofifia baada ya dakika nne hivi, ilhali wimbo kamili unakaribia dakika 12. Ukidai, kijana anautoa kwenye diski nyingine. Sasa kwa nini asiuweke folda moja na wenzake?

Mafaili mengi ni ya kilobiti 320 kwa sekunde, yaani MB 2.4 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nane unafika MB 19. Ukikuta una MB 8 tu, huo ni wa 128, na matoazi yatakwaruza. Lakini ukubwa usikudanganye: faili la 128 likigeuzwa kuwa 320 linanenepa tu, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Sikiliza kwa masikio. Kwa kukagua stirio, omba "I Feel Love" ya Donna Summer (1977). Besi yake ya Moog (kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme) inapiga upande mmoja na mwangwi wake unajibu upande wa pili. Ziba spika moja, kisha nyingine; pande zote zikitoa kitu kilekile, faili ni mono au spika zimeunganishwa vibaya. La hapa ni zima.

Soul ya Memphis ndiyo inayoumia. Kwenye "Let's Stay Together" ya Al Green ngoma zinapigwa kwa upole, lakini faili lao limeongezwa sauti mpaka linapasuka, na sabufa ya dukani iliyosukumwa besi hadi mwisho inaficha kasoro hiyo. Waambie warudishe besi katikati kabla hujasikiliza. Epuka pia mikusanyiko yenye majina ya nyimbo bila mwaka: mingi ni waimbaji walewale waliorudia kurekodi miaka mingi baadaye, na kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya tarumbeta.

Kwa redio ya gari, chukua flashi isiyozidi GB 32, ifomatiwe kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao redio nyingi huusoma. Za GB 64 hutoka kiwandani na exFAT, na redio nyingi haziisomi. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, wimbo uliokuwa njiani unaishia nusu ingawa jina lake linaonekana. Mwambie aunakili upya, kisha ucheze sekunde zake za mwisho kabla ya kulipa.