Dola 145 za kuharibiwa giza: uzoefu wangu na fundi wa monita ya pinboli

Naanza na nyota moja. Nikimaliza kuandika tutaona kama itabaki.

Nina mashine ya pinboli, Revenge From Mars, ile ya Williams ya mwaka 1999. Iko chini kwenye besimenti, hapa Chicago, mji wa kampuni iliyoibuni. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga baa yake. Mke wangu alipoiona ikishushwa kwenye gari akaniuliza kwa nini nimenunua friji lenye miguu minne.

Pinboli nyingi mnazijua hata kwa picha: kipira cha chuma, meza iliyoinama, vibao viwili vya kukirudisha juu kisidumbukie. Hii ina kituko chake. Ndani ya kichwa cha mashine kuna monita ya chogo, inchi 19, imelala kifudifudi. Mwanga wake unashuka kwenye kioo kilichofunika meza, unadunda, unakuja machoni kwako. Basi unawaona watu wa Mars wamesimama juu ya meza, katikati ya vyuma vya kweli, unawapiga na kipira wanalipuka. Wanangu siku ya kwanza walipitisha mkono chini ya kioo kuwatafuta.

Wabunifu waliosukuma wazo hili ni Pat Lawlor na George Gomez. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo, 1999, Williams wakafunga idara yao ya pinboli, wakabaki na mashine za kasino. Za aina yangu hazikufika hata 7,000. Kwa hiyo chogo likizeeka hakuna duka la kwenda kununua jipya, na ndiyo maana unampigia simu fundi ukiwa mnyenyekevu kama mkopaji.

Picha yangu ilikuwa imefifia. Mchana huoni kitu. Usiku unaona watu wa Mars waliofuliwa mara nyingi, kama fulana ya kampeni ya uchaguzi wa zamani. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu, nikaenda hadi kupima.

Sasa nieleweni vizuri hapa, maana hasira yangu yote imelala kwenye jambo hili. Kwenye televisheni ya kawaida, nyeusi ni rangi tu. Kwenye mashine hii nyeusi ni dirisha. Pale ambapo chogo halitoi mwanga, kioo hakina cha kukurudishia, ndipo jicho linapita na kuiona meza. Nyeusi isipokufa kabisa, mchezo wote umeharibika. Mtu yeyote anayejitangaza kuwa fundi wa pinboli analijua hilo, au anapaswa kulijua kabla hajashika bisibisi.

Akaja. Nilikuwa nimengoja kama wiki tatu, labda nne. Begi moja, viatu vya matope, hakuvifuta. Swali la kwanza: nani amekuuzia hii? La pili: umelipa ngapi? Nikamjibu, akacheka kwa pua. Akafungua kichwa cha mashine, akachukua kijibisibisi cha plastiki, akaingiza nyuma kwenye flaibeki, ile transfoma inayolipa chogo umeme wake mkali, akazungusha kitufe kile kilichoandikwa skrini. Taa zote za besimenti zinawaka, mlango uko wazi, jua la saa nane linaingia hadi ndani. Picha ikang'aa. Akanigeukia: "Umeona?"

Nikaona. Nikafurahi hata. Nikampa soda. Akachukua dola 145, akaondoka. Hakumaliza dakika ishirini na tano.

Usiku nikashuka na vijana kucheza. Nikazima taa. Jamani. Juu ya meza kunaelea kipande cha kijivu, mstatili kabisa, pembe zake nne unazihesabu, kama mtu ameanika shuka ya ukungu. Watu wa Mars wamo humo ndani wanaogelea. Juu ya picha kuna vistari vyeupe vimelala mshazari, vyembamba kama nyuzi za buibui. Hakuwa ametengeneza picha. Alikuwa amefungulia mwanga kila mahali, mpaka pale palipotakiwa kuwa giza. Ni kama mchuzi umepungua chumvi, wewe unaongeza maji ya bahari.

Nikampigia asubuhi. Nilizungumza kwa adabu, Mungu shahidi. Nikamweleza kijivu, nikamweleza vistari. Akanikatiza: "Chogo limekufa. Nilikwambia." Hakuniambia! Angeniambia ningempa soda? Akasema dawa ni kung'oa chogo na kuweka monita bapa, dola 600 pamoja na kazi. Nikamuuliza kama hawezi kwanza kubadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye saketi, maana nimesoma kidogo. Kimya. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ya mtu anayetabasamu: "Kwenu huko mlikuwa na mashine hizi kweli?"

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani labda mara mia. Nikiwa kwenye treni, nikiwa naoga. Pinboli hapana, bwana. Hatukuwa nazo. Ila chogo! Chogo limezeekea mikononi mwetu. Nyumbani Tanga tulikuwa na televisheni ambayo baba aliipiga kofi ubavuni kila taarifa ya habari inapoanza, na mtaani palikuwa na fundi aliyekaa kibarazani kazungukwa na machogo wazi, pasi ya kuchomelea mkononi, anakwambia ugonjwa kwa kusikiliza mlio tu. Wewe unaniuliza mimi?

Kuhusu monita bapa, nisiwe mchoyo wa haki: kuna watu wameziweka na wanazifurahia. Jamaa yangu mmoja anayo kwenye mashine kama hii. Picha kali, haitetemeki, na kichwa cha mashine kimepungua uzito. Lakini zima taa. Monita bapa ya kawaida ina taa nyuma ya kioo chake, na ile taa huvuja hata sehemu inayotakiwa kuwa nyeusi. Kijivu kilekile. Ningelipa dola 600 kununua ugonjwa niliouziwa tayari kwa 145.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mombasa, tuliyejuana kwenye futari. Anaishi na binti yake kitongoji cha jirani, na ujanani alitengeneza televisheni miaka mingi. Nikamweleza, akasema tu, "Nipeleke niione."

Nikamshusha besimenti. Shikamoo, marahaba, chai. Kabla hajagusa chochote: "Hebu zima taa zote, mwanangu. Na huo mlango." Tukakaa gizani wawili tukitazama kile kijivu. Akauliza nani aliyechezea skrini. Nikamwambia. Akasonya, sonyo refu la pwani.

Akairudisha skrini nyuma taratibu, taratibu, mpaka mstatili ukayeyuka na meza ikatokea. Picha ikawa hafifu kama zamani, lakini angalau ilikuwa kwenye giza la kweli. Kisha akaomba kioo cha kujitazamia. Nikapanda kuchukua cha mke wangu. Tukavuta kile kioo kikubwa cha meza, mzee akaweka kile kidogo chini na kulitazama chogo lenyewe uso kwa uso. "Njoo uone." Lilikuwa na picha nzuri kuliko nilivyowahi kuiona juu ya meza! Haikuwa mpya, lakini ilikuwa na rangi. "Nani alokwambia limekufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kioo kinarudisha sehemu tu ya mwanga, mwingine unapita chini. Unaanza na picha iliyokwisha kupungua, kwa hiyo uchafu kidogo unaokulia haki yako unaonekana mara mbili. Tukachomoa umeme. Uso wa chogo ukafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Kikafutwa tena, bado. Moshi wa sigara za baa, miaka na miaka, na vumbi ambalo chogo hulivuta lenyewe likiwaka. Kioo cha meza tulikipangusa kwa uangalifu, maana kile cha asili sehemu yake imepakwa utando wa kuakisi, ukiukwangua ndiyo basi. Dakika kumi za kitambaa! Mtu wa dola 145 hakuwa na kitambaa?

Wiki iliyofuata, au ile nyingine, mzee akarudi na kapasita. Zote hazikuzidi dola 40. Alinikataza kusogea: chogo hubaki na umeme hata likiwa limechomolewa, na mashine ikiwaka pale ubavuni panafika kama volti 25,000. Akautoa umeme kwanza kwa waya ulioungwa kwenye bodi ya chuma, mkono mmoja mfukoni wakati wote. Kisha akaitoa saketi, akanionyesha zilizokufa kwa joto. Moja ilikuwa imevimba kichwa kama andazi, nyingine imechuruzika chini, gundi ya kahawia.

Akazichomelea mpya, akarudisha, akawasha. Kijani, jamani. Watu wa Mars wana kijani cha mgomba uliotoka kunyeshewa. Kijana wangu mdogo akapiga ukelele hadi mama yake akashuka.

Ningeishia hapa ingekuwa rahisi. Nyota moja kwa yule, Mungu ambariki mzee, tumemaliza. Lakini mzee hakuniacha nishangilie. Aliendelea kukaa anatazama milipuko. "Nyekundu haiji vizuri," akasema. Kweli. Mashine ikiwa baridi, moto unatoka rangi ya udongo na nyeupe inaelekea buluu. Baada ya robo saa nyekundu inajikongoja. Ndani ya shingo ya chogo kuna bunduki tatu za kurusha elektroni, moja kwa kila rangi, na ya nyekundu imechoka. Nikamuuliza kuhusu ile mashine ya kuzihuisha kwa kuzipitishia umeme mkali. Akakataa kabisa: yaweza kukupa miezi, yaweza kuliua palepale, na jingine utalitoa wapi. Akainyanyua nyekundu kidogo kwenye saketi ya shingoni, akaipunguza kijani, akaacha.

"Yule kijana hakukosea sana," akaniambia akivaa koti. "Siku moja litakufa."

Kwa hiyo nibadilishe, nyota mbili? Kwa sababu alibahatisha nusu ya ukweli bila kuutafuta? Niliandika mbili. Nikaisoma. Kisha nikakumbuka ile "kwenu huko", nikakumbuka soda, nikarudisha moja, na ningekuwa na njia ya kuweka sifuri ningeiweka. Kesho labda nitakuwa na moyo mwingine, sijui.

Kitu kimoja namshukuru. Alisahau kijibisibisi chake cha plastiki ndani ya kichwa cha mashine, na ndicho mzee alichotumia kurudisha giza langu. Kizuri sana, ncha haijaisha. Nimekiweka juu ya mashine. Akikitaka, aje akichukue mwenyewe, usiku, na viatu avivulie mlangoni.