Mashine ya kuchimba Bitcoin nyumbani isiyopiga kelele: ipi ununue?

Wanunuzi wengi huangalia namba ya terahashi tu, yaani mashine hufanya makisio ya hesabu trilioni ngapi kwa sekunde ikitafuta bitcoin. Mimi ningeanza na maswali mawili: kila terahashi inakula juli (kipimo cha nishati) ngapi, na je, mashine inaweza kuwaka usiku kucha watu wakalala? Mashine inayosumbua masikio huishia kuzimwa, hata ikiwa na nguvu kiasi gani.

Kuhusu mapato tuwekane sawa mapema. Tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani fungu la miamala, humlipa mchimbaji aliyeipata bitcoin 3.125, na mwaka 2025 nguvu ya mtandao mzima ilivuka terahashi bilioni moja kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, mashine ya terahashi 1.2 ikijiunga na kundi la wachimbaji hupata takriban satoshi 54 kwa siku (satoshi milioni 100 ni bitcoin moja). Ikichimba peke yake, wastani ni bloku moja kwa miaka karibu 16,000. Nunua kwa sababu unataka kujifunza, kuuongezea mtandao nguvu, au kujaribu bahati. Anayekuahidi faida, mkimbie.

Namba moja kwangu, tena kwa mbali, ni Bitaxe Gamma. Michoro yake iko wazi kwa yeyote, na ina chipu moja tu, BM1370, ileile iliyomo kwenye mashine ya viwandani ya Antminer S21 Pro. Hutoa terahashi 1 hadi 1.2 kwa wati 15 hadi 18, kwa hiyo haimalizi hata nusu uniti kwa siku. Kero yake ni feni ya milimita 40, ambayo ikikimbia sana hutoa mluzi mwembamba unaopenya mlango. Dawa iko kwenye mipangilio. Fungua ukurasa wake kwenye kivinjari, shusha masafa (kasi ya chipu) kutoka megahezi 525 hadi 400, na volti ya chipu kutoka milivolti 1150 hadi 1000. Hashi zitapungua kwa takriban robo, lakini umeme wa chipu utapungua kwa karibu asilimia 40, kwa sababu matumizi hufuata mraba wa volti. Joto likishuka, feni nayo inatulia. Ukiona hashi zinayumba, pandisha hadi milivolti 1060 uiache ifanye kazi siku nzima kabla ya kugusa kitu kingine.

Angalia sana adapta. Gamma ya kawaida hutumia volti 5, lakini plagi ya adapta ya volti 12 huingia vizuri tu kwenye tundu lake, na hapo mashine inaungua. Kama una adapta za aina zote mbili nyumbani, kila moja ibandike alama.

Inayofuata ni NerdQaxe++, yenye chipu nne za aina hiyohiyo: karibu terahashi 4.8 kwa wati zisizofika 80. Ubora wake kwa kila juli unalingana na wa Gamma, ila inahitaji adapta nzito ya volti 12 na nafasi ya kutosha ya hewa. Ya tatu ni Avalon Nano 3S ya kampuni ya Canaan: terahashi 6, wati 140, yaani kama juli 23 kwa terahashi. Inamfaa asiyetaka kushika bisibisi, na panapo baridi joto lake halipotei bure. Lakini ni zaidi ya uniti 3 kwa siku, na ndiyo maana nimeiweka hapa.

Mwenye kompyuta yenye prosesa nzuri ya Ryzen anaweza kuchimba Monero, sarafu nyingine ya kidijitali, bila kununua chochote, maana RandomX, kanuni yake ya uchimbaji inayotumika tangu Novemba 2019, iliundwa kwa ajili ya prosesa za kawaida. Kila uzi (kazi moja ambayo prosesa huiendesha sambamba na nyingine) unataka megabaiti 2 za kashe ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kwa hiyo usiwashe nyuzi zote.

Mashine kuukuu za viwandani zinazouzwa rahisi, achana nazo. Antminer S19 ya terahashi 95 hula wati 3,250 na kupiga kelele ya desibeli 75. Hiyo si ya sebuleni.

Ukiamua Gamma, kabla ya kulipa mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa mipangilio mashine ikiwa imewashwa. Panapaswa kusomeka BM1370. Pakisomeka BM1368 au BM1366, hiyo ni Bitaxe Supra au Ultra, toleo la nyuma, na bei iwe ya toleo la nyuma.