Georges Thill katika Werther ya 1931: santuri iliyobeba heshima yake

Watazamaji wapendwa, karibuni. Mezani leo nina sidi mbili zenye opera nzima (mchezo unaoimbwa) ya mtunzi Mfaransa Massenet, Werther, iliyorekodiwa Paris mwaka 1931 kwa okestra na kwaya ya Opéra-Comique, jumba la opera la huko, chini ya uongozi wa Élie Cohen. Georges Thill anaimba Werther, na Ninon Vallin anaimba Charlotte. Anayetaka kujua kwa nini jina la Thill bado linatajwa kwa heshima kubwa kila wanapozungumziwa matenori, yaani waimbaji wa kiume wa sauti ya juu, wa Ufaransa, jibu atalipata humu.

Anzeni na sehemu ya tatu. Ni mkesha wa Krismasi. Werther amerudi kwa Charlotte anayempenda, ambaye sasa ni mke wa mtu, na Werther anasoma beti za Ossian, mshairi wa hadithi za kale za Uskoti, alizowahi kuzitafsiri mwenyewe. Thill anauanza wimbo huo, “Pourquoi me réveiller”, kwa utulivu wa mtu aliyeshika kitabu kweli, na kila silabi inafika sikioni ikiwa kamili. Sauti inapopanda hadi noti ya juu kabisa, haibanwi kooni wala haitiwi kwikwi ya kutafuta huruma, bali inafunguka na kung'aa, nawe unabaki na uchungu wa maneno yenyewe. Nimeurudia ubeti wa pili mara nyingi, na bado unanigusa.

Thill alizaliwa Paris mwaka 1897 na kusoma katika Conservatoire, chuo cha muziki cha huko, lakini alikwenda pia Napoli kufundishwa na tenori Fernando De Lucia, kabla ya kupanda jukwaa la Opéra ya Paris mwaka 1924. Nguvu ya sauti yake ina Uitalia ndani yake, ilhali matamshi ni ya Kifaransa safi, na naamini muungano huo ndio uliompa hadhi ya pekee. Kule New York, ambako majina ya waimbaji wa opera yalikuzwa sana, aliimba katika jumba la opera la Metropolitan kwa muda mfupi tu, mwaka 1931 na 1932. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu wapenzi wengi wa Caruso, tenori maarufu wa Italia, hawamjui Thill.

Kuhusu ubora wa sauti, niwe mkweli. Hizi zilikuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kila upande ukichukua dakika nne hivi, na waliozoea santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, wanaujua mchakacho huo. Vinanda vya nyuzi vinasikika vyembamba. Waimbaji, hata hivyo, wako karibu nawe kabisa.

Tafuteni maneno ya opera pamoja na tafsiri yake kabla ya kusikiliza, na msiruke pale Charlotte anapozisoma barua za Werther, mwanzoni mwa sehemu hiyo hiyo ya tatu, kwa kuwa Vallin anaimba kwa ustadi usiopungua ule wa Thill.