Jenereta Ndogo ya Kuchajia Betri za Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Wengi huanza na jenereta, chaja wakaikumbuka baadaye. Anza na chaja. Inayokuruhusu kupunguza ampea (kiasi cha mkondo wa umeme) itafanya kazi vizuri na jenereta ndogo. Isiyoruhusu huvuta uwezo wake wote kwa mkupuo na kuielemea mashine mpaka ijizime.

Chaguo langu la kwanza ni jenereta ya inveta, yaani yenye kifaa cha elektroniki kinachotuliza umeme wake, ya wati 2,000 hivi. Chukua Honda EU2200i: wati 2,200 ni za muda mfupi tu, za kudumu ni 1,800. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 hubeba kilowati-saa 5.12. Ukiiwekea chaja ampea 25, betri hupokea karibu wati 1,350, na jenereta hutoa kama 1,500, kwa kuwa chaja hupoteza nyingine kwa joto. Betri iliyobakiwa na asilimia 20 hujaa kwa takribani saa 3.

Mafuta nayo yanataka hesabu. Tangi la mashine hiyo, lita 3.6 za petroli, hudumu saa 3.2 ikibeba mzigo wote: kilowati-saa 1.6 kwa lita. Ikibeba robo ya mzigo hudumu saa 8.1, lakini kila lita inakupa kilowati-saa 1 tu. Kwa hiyo usishawishiwe kununua jenereta kubwa itakayounguruma bila kazi ya maana. Wenye betri za asidi walizingatie hili zaidi, maana betri hizo hupokea chaji polepole zikikaribia kujaa. Zima jenereta kwenye asilimia 80, kiasi kilichobaki kimaliziwe na sola.

La pili ni jenereta ya kawaida ya wati 3,000, isiyo na inveta. Bei yake ni nafuu na kila fundi anaijua, ila ina kelele, na hezi za umeme wake (idadi ya mizunguko kwa sekunde) hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Baadhi ya chaja huukataa umeme wa namna hiyo. Usilipe kabla ya kusoma kwenye karatasi ya chaja ni volti na hezi kuanzia ngapi hadi ngapi inazokubali.

Ya inveta ya wati 1,000 naiweka ya tatu. Ni nyepesi na tulivu, inafaa betri ya kilowati-saa 1 au 2. Ile ya kilowati-saa 5 itakuchukua karibu siku nzima.

Soketi ya volti 12 iliyo kwenye jenereta isikushawishi hata kidogo. Nyingi hutoa ampea 8 hivi, yaani wati 100.

Yoyote utakayochagua, tafuta yenye kihisi cha kaboni monoksidi kinachozima injini. Gesi hiyo haina harufu na inaua. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milangoni na madirishani, moshi ukielekea mbali na nyumba. Kwa hiyo nunua pia waya mnene wa kufika kwenye chaja, wa milimita za mraba 2.5.