Unga wa mlonge kwa kolesteroli: tathmini yangu baada ya vipimo

Pakiti ya unga wa majani ya mlonge niliyonunua Mwanjelwa, Mbeya, imeandikwa "inaondoa kolesteroli", kijiko cha chai kutwa mara mbili. Gramu hazijatajwa, wala tarehe ya kusagwa. Kijiko cha kufuta na cha kilima hupishana sana, kwa hiyo tumia mizani, na nunua pakiti za mzigo mmoja zitakazotosha hadi mwisho.

Kolesteroli ikiwa juu huisikii mwilini, hivyo "najisikia mwepesi" si jibu. Omba kipimo kamili cha mafuta ya damu: kolesteroli jumla, LDL (kolesteroli mbaya), HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi (mafuta mengine ya damu). Ukipewa jumla tu, HDL ikishuka utashangilia hasara. Pima mara mbili kabla ya kuanza, wiki moja au mbili zikipita katikati, maana namba hupanda na kushuka zenyewe kwa asilimia 5 hadi 10. Rudia baada ya wiki 8 hadi 12, maabara ileile. Funga kula kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo (maji ruksa), kaa kitini dakika 10, na mpira unaofungwa mkononi wakati wa kutoa damu usizidi dakika moja, la sivyo damu huwa nzito na namba hupanda. Ukitoka kuugua malaria au homa nyingine, ahirisha: ugonjwa hushusha kolesteroli, na sifa itaenda kwa mlonge bure.

Maabara nyingi hazipimi LDL, huikokotoa. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, hesabu hiyo haifai.

Kinachoharibu majaribio mengi ni ushauri wa muuzaji mwenyewe: acha chipsi, kula parachichi. Hayo peke yake hushusha LDL! Hata kahawa ya Mbozi ikichemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hupandisha LDL. Ukiiacha wiki unayoanza unga, hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Kwangu, chakula kikiwa kilekile, jumla ilitoka 6.1 ikawa 5.8 mmol/L, LDL 4.0 ikawa 3.9. Hiyo ni ndani ya kupepesuka kwa kawaida. Kama mboga, naupa alama nzuri; kama dawa ya kolesteroli, hapana.

Unga wowote ukishusha LDL kwa theluthi nzima, shuku umechanganywa na vidonge vya hospitali. Anayetumia atorvastatin (dawa ya hospitali ya kushusha kolesteroli) asiiache ili kujaribu, na mwenye dawa za kisukari amwambie daktari kwanza, kwani mlonge unaweza kushusha sukari.